Mtoro wa Olmotonyi

Kuna jamii ya miti inayoota Chile na Ajentina, Tasmania na mashariki ya Australia, Nyuzilandi, Guinea Mpya na kisiwa cha Kaledonia Mpya. Chavua yake ya kale imepatikana hata kwenye miamba ya Antaktika, ambako leo hakuna mti hata mmoja. Zamani sana nchi hizo zilikuwa sehemu za bara moja kubwa, na Afrika nayo ilikuwa humo. Lakini misitu ya Afrika haina mti huo, na waliotafuta chavua yake kwenye udongo wa kale wa bara letu hawajaiona. Ninaoujua mimi ni mmoja tu. Uko kwenye mteremko wa Mlima Meru, juu ya Olmotonyi, kati ya shamba la misindano na korongo. Niliupanda kwa mikono yangu nikiwa na miaka ishirini na mmoja, baada ya kuwachemsha ndugu zake ishirini.

Jumamosi moja baada ya Pasaka mwaka huu tulikutana watu tisa wa darasa letu la chuo cha misitu, nyumbani kwa Lomayani, nje kidogo ya Ngaramtoni. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Viatu vyetu vilipangwa barazani, vyote vikiwa na rangi moja ya tope, na ndani mke wa Lomayani alikuwa akigawa loshoro, mahindi yaliyopikwa yakachanganywa na maziwa ya mgando, kwenye mabakuli makubwa kama yale ya chuoni. Watu wa umri wetu wakikutana huanza na magonjwa. Tulikuwa tumemaliza magoti na tumeingia kwenye presha, ndipo mwenye nyumba akaingia, amechelewa kwenye mwaliko wake mwenyewe, koti linadondosha maji. Alikuwa amepanda mlimani kuangalia mizinga yake ya nyuki. Hakumsalimia mtu. Alinitafuta kwa macho, akasema, “Ndeshi, Mtoro amezaa.”

Chumba kikalipuka. Mpita njia angedhani tumepata mjukuu. “Amezaa nini?” akauliza mmoja wetu, na Lomayani akamjibu, “Mapacha! We, unadhani mti unazaa nini?” Akatoa kiberiti mfukoni, akakifungua juu ya meza katikati ya mabakuli. Ndani kulikuwa na vijimbegu vitano vya kahawia vyenye kingo tatu, kila kimoja kama punje ya mchele. Nilivijua papo hapo, ingawa ilikuwa imepita miaka thelathini na sita tangu nivishike mara ya mwisho. Loshoro yangu ilipoa. Wenzangu walirudi kwenye presha, na mimi nilirudi kwenye mwaka ule.

Ulikuwa mwaka wetu wa mwisho chuoni. Nililala chumba namba saba, vitanda vinne na dirisha moja lililokataa kufunga, na mwezi wa saba ukungu ulikuwa ukiingia na kukaa nasi kama mpangaji wa tano. Asubuhi tulioga kwa ndoo za maji yaliyotoka mlimani bila kuona jua. Jioni chumba kilinuka mafuta ya taa, soksi, na utomvu wa misindano uliotuganda kwenye nguo. Nilikuwa na daftari ambamo niliandika kila kitu: nani alisema nini bwaloni, mvua ilianza saa ngapi, miche mingapi ilikufa. Wenzangu walilicheka daftari hilo mpaka walipogundua kwamba ndilo pekee lililojua nani aliazima jembe la nani. Ninalo hadi leo, na ninachoandika hapa kimetoka humo, isipokuwa pale nitakaposema sikumbuki vizuri.

Mkufunzi wetu wa mbegu na vitalu alikuwa Mwalimu Akyoo. Alikuwa mtu mwembamba, na sweta lake lilikuwa na viraka kwenye viwiko vyote viwili. Hakuwa amewahi kuvuka bahari, lakini alizungumza juu ya Gondwana, lile bara kubwa la kale, kama mtu anayezungumza juu ya kitongoji alichozaliwa: nani aliishi karibu na nani, nani aliondoka kwanza, nani alibaki na mashamba. Ofisi yake ilikuwa chumba kidogo chenye makopo ya mbegu hadi darini, na mahali pa kukaa mgeni palikuwa gunia la mbegu za grevilea. Lakini somo lake ninalolikumbuka zaidi hakulifundisha ofisini wala darasani. Alilifundisha bwaloni, siku ya Jumatano, kwa sababu Jumatano ndiyo ilikuwa siku ya chapati.

Lomayani alikuwa ndiyo kwanza amekaa. Mwalimu akapita, akasimama, akaichukua chapati yake kwenye sahani.

“Hii ni Gondwana,” akasema.

“Mwalimu, hiyo ni chapati yangu.”

“Ilikuwa yako. Sasa ni ya sayansi.” Akachukua kisu, akakata kipande kikubwa na kukisogeza ukingoni mwa sahani. “Afrika. Imeondoka mapema. Na hii ni Bara Hindi, nayo inaondoka zake kaskazini. Waliobaki bado wameshikana: Amerika ya Kusini hapa, Antaktika katikati, Australia kule. Kuna mti mmoja, jina la kitaalamu Nothofagus. Mti huo unaanza kusambaa lini? Baada ya Afrika kuondoka. Antaktika wakati huo haina barafu, ina misitu. Basi mti unatembea, kizazi kwa kizazi, kutoka Amerika ya Kusini hadi Australia. Kwa miguu! Mbegu yake haina mabawa ya maana, na ndege wala hawaitamani. Inaanguka chini ya mama yake, basi.”

“Kwa hiyo huo mti ni mtoro,” Lomayani akasema. “Wenzake wote wamehudhuria Afrika, wenyewe haukuja.”

“Mtoro ni Afrika,” Mwalimu akajibu. “Ilitoka darasani kabla mwalimu hajaingia.” Akaikunja Afrika, akaichovya kwenye mchuzi wa maharage, akaila.

Bwalo zima lilicheka, isipokuwa Lomayani. “Jamani,” akasema, “mtu amekula bara zima na hata asante hakuna.” Tangu siku hiyo mti tusiowahi kuuona ukaitwa Mtoro.

Wiki chache baadaye Mtoro alifika kwa bahasha. Mtaalamu wa misitu kutoka Chile, aliyekuja chuoni kwa kozi fupi, alimwachia Mwalimu mbegu arobaini, cheti cha karantini na karatasi moja ya maelekezo. Ilikuwa wakati wa kugawa miradi ya mwaka wa mwisho. Tuliandika majina ya miti kwenye vikaratasi, tukavitia kwenye kofia ya Mwalimu, kila mtu akachomoa chake. Lomayani alipata mkaratusi, mti unaoota hata ukiutukana. Mimi nilichomoa kikaratasi chenye neno moja: Mtoro. Kanuni tuliijua sote. Mradi ukifa bila maelezo yanayoridhisha, unarudia mwaka. Waliopata misindano walinipa pole kabla sijaanza.

Sasa naomba nieleze kosa langu kwa utaratibu, kwa sababu mtu ambaye hakulelewa kwenye kitalu chetu asingelifanya. Tulifundishwa kwamba mbegu yenye ganda gumu hailainiki kwa maneno. Unachemsha maji, unayatoa motoni, unayamimina juu ya mbegu, unaziacha zilale humo hadi asubuhi. Mbegu za miwati ukizifanyia hivyo zinaamka kama askari. Tulifanya hivyo mara nyingi kiasi kwamba mikono yetu ilifanya yenyewe. Mimi nilizishika zile mbegu za Chile, nikaona zina ganda, na mikono yangu ikaenda kwenye birika. Kitu kimoja tu kiliniokoa, nacho ni daftari: nilikuwa nimezoea kugawa kila kitu nusu kwa nusu, nusu ya kujaribia na nusu ya kulinganishia. Nilizimiminia maji ya moto ishirini. Ishirini zikabaki kwenye bahasha.

Asubuhi Mwalimu alikuja kitaluni, akachungulia kikombe. Maji yalikuwa yamegeuka rangi.

“Ndeshi,” akasema kwa upole, “umepika chai.”

“Kilichobaki ni sukari,” Lomayani akasema nyuma yangu.

Mwalimu aliinua ile karatasi ya maelekezo, akaigeuza. Sikuwa nimesoma upande wa pili. Huko kuliandikwa kwamba mbegu ziwekwe kwenye mchanga mbichi, mahali pa baridi kali, kwa wiki nane. “Mbegu hii inasubiri majira ya baridi ya kwao yapite ndipo iamke,” Mwalimu alieleza. “Wewe umeipa moto.” Hakunifokea, na hilo ndilo lililoniliza. Nililia nyuma ya banda la viriba, ile mifuko ya kukuzia miche, mpaka kengele ya uji.

Tatizo sasa lilikuwa baridi. Sisi tuliokoga maji ya Meru alfajiri tulidhani baridi tunayo ya kutosha, lakini kipimajoto kilituumbua. Friji ya bwalo ilikuwa imekufa siku nyingi na ilitumika kuhifadhia vifuniko vya sufuria. Friji hai ya karibu ilikuwa ya mafuta ya taa, na ilikuwa dukani kwa Mama Nengai, Ngaramtoni. Lomayani alimfahamu, kwa hiyo tulikwenda wawili, nami nimebeba kopo la maziwa ya unga lililojaa mchanga mbichi na mbegu ishirini.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Soda zimeisha.”

“Sijaja kwa soda. Naomba kuweka mchanga kwenye friji yako. Wiki nane.”

Mama Nengai alinitazama, kisha akamgeukia Lomayani. “Huyu mwenzio mzima?”

“Mzima, yeyo,” Lomayani akamjibu, akimwita mama kwa Kimaasai, “ila anasoma sana.”

Kopo likakaa kati ya chupa za maziwa na siagi ya mkutano wa akina mama wa usharika. Kila Jumamosi nilishuka kulikagua, na kila Jumamosi nilikuta habari zake zimekua. Wiki ya kwanza watu waliuliza ni nini. Wiki ya pili waliacha kuuliza, maana walishajijibu: ni dawa. Wiki ya tatu nilikuwa nimeinama nyuma ya kaunta nikichungulia kopo, nikamsikia mzee mmoja aliyetoka mnadani na ng'ombe wake akiomba achotewe kijiko kimoja kwa ajili ya mgongo.

“Hii si ya mgongo, baba,” Mama Nengai akamwambia. “Hii ni ya mtihani.”

“Basi mjukuu wangu yuko darasa la saba,” mzee akasema. “Nichotee ya huyo.”

Nilicheka hadi nikagonga kichwa kwenye rafu. Yule mzee aliondoka amekasirika, na Mama Nengai akasema kwamba tangu anunue friji hiyo hajawahi kuweka ndani yake kitu kinachotamaniwa na watu namna ile bila kuliwa. Wiki zote nane hakuacha moto wa friji ile uzimike. Nikimfikiria leo naona kwamba yeye ndiye aliyekuwa majira ya baridi ya Chile, akiwa amejifunga khanga mbili na sweta.

Katika zile ishirini, tisa ziliota. Siku ya kwanza nilipoona shingo nyeupe zikiinuka kwenye mchanga, nilikimbia hadi ofisini kwa Mwalimu nikasahau kubisha hodi, naye akakimbia hadi kitaluni akasahau viatu, amevaa ndala. Tulichuchumaa hapo sote wawili. Kisha miche ikahamishwa kwenye viriba, na hapo tena mikono yetu ikafanya ilichozoea. Kila kiriba kilitiwa konzi moja ya udongo kutoka chini ya misindano ya zamani, kwa sababu udongo ule una kuvu wanaoishi na mizizi na kuilisha, na msindano usiotiwa udongo huo hudumaa. Tuliwatilia na akina Mtoro. Mwezi mmoja baadaye wote tisa walikuwa njano, hawakui wala hawafi. Wawili wakafa. Nikahesabu siku zilizobaki kabla ya ripoti.

Jibu, kama lilikuwa jibu, lilitoka tena bwaloni. Tulikuwa tunakula makande, na Lomayani alikuwa akijisifu kwamba mikaratusi yake imempita urefu. Nikamwambia anyamaze, mti wake ni wa Australia na hauna haya. Nikajisikia nikilisema neno Australia. Ile chapati ikanijia mbele ya macho: kipande kilichobaki kimeshikana na Antaktika, na Antaktika imeshikana na kwao Mtoro. Niliacha makande. Ofisini nilimwambia Mwalimu kwamba Mtoro na misindano hawajawahi kujuana, misindano ni watu wa kaskazini, lakini kule Australia Mtoro na mikaratusi ni majirani. Huenda wanakula na kuvu walewale.

“Kachukue udongo kwenye mkaratusi mkubwa kuliko yote,” akasema. “Na usiwatilie wote. Andika nani amepata na nani hakupata.”

Nilitilia wanne, nikawaacha watatu. Baada ya wiki sita, wawili kati ya wale wanne walianza kutoa majani mapya ya kijani. Wenzao wawili walikufa, na wale watatu pia. Nililala siku hiyo nikitabasamu, na chumba namba saba kizima kilijua sababu, maana niliwaamsha kuwaambia.

Ilibaki ripoti. Ukurasa wa kwanza ulinishinda kwa siku tatu. Ningeweza kuandika kwamba nilipokea mbegu ishirini. Bahasha ilishatupwa, na Lomayani aliapa kwamba asingesema. Lakini daftari lilisema arobaini, na kwa namna fulani nililiogopa daftari kuliko Mwalimu. Nikaandika: “Mbegu zilikuwa arobaini. Ishirini nilizichemsha.” Mwalimu alisoma mbele yangu, kalamu nyekundu mkononi. Alipofika hapo alichora mstari mmoja chini ya neno la mwisho, akaandika pembeni, “Kweli.” Alipofika kwenye mikaratusi aliandika, “Hujathibitisha. Miche ni michache mno.” Kisha akanipitisha. Tulipanda ile miche miwili juu ya korongo wiki ya mwisho, darasa zima, tukiimba. Mmoja ulikatwa na fuko kabla ya mvua za pili. Mwingine ulibaki.

Nimefanya kazi ya misitu maisha yangu yote tangu hapo, na nimeendelea kusoma habari za Mtoro kila nilipozipata. Hadithi ya chapati haijaanguka, lakini imepata nyufa. Wanaopima umri wa jamii hizi kwa vinasaba wanasema baadhi ya miti ya Nyuzilandi ni michanga kuliko bahari inayovitenga visiwa hivyo. Kama ni hivyo, haikupanda juu ya kipande cha bara kikasafiri nayo, ilivuka maji. Kwa mbegu ipi? Ile isiyoruka, isiyopendwa na ndege, inayoanguka chini ya mama yake? Wanabishana bado. Na kama iliweza kufika Nyuzilandi, utani wa Lomayani unarudi ukiwa swali: kwa nini haikuhudhuria huku?

Jumapili ile baada ya kukutana, mimi na Lomayani tulipanda korongoni, tukipumzika kila baada ya hatua hamsini na kusingiziana uzee. Mtoro si mti mkubwa kwa umri wake. Ni kama nyumba ya ghorofa moja, umepinda kidogo. Ni aina inayopukutisha majani majira ya baridi, na kwa kuwa Meru haiujulishi vizuri baridi inaanza lini, upande mmoja ulikuwa umepukutika na upande mwingine ulikuwa kijani kibichi. “Angalia,” Lomayani akasema, “mpaka leo hajui ratiba.” Tulitafuta chini yake kwa saa nzima, tukipekua majani kwa vidole. Hatukuongeza mbegu hata moja juu ya zile tano.

Nilimpigia Mwalimu simu. Ana miaka themanini na minne, anaishi Kikwe kwa binti yake, ambaye humshikia simu sikioni.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba. Nani?”

“Ndeshi.”

“Ndeshi wa chai?”

Nikasubiri amalize kucheka. Nikamweleza. Akawa mkufunzi papo hapo. “Umepasua?”

“Hapana, Mwalimu. Ni tano tu.”

“Umetia kwenye maji?”

“Tatu zinaelea. Mbili zimezama.”

Nilimsikia akipumua. “Mbili,” akasema. “Mti uko peke yake, Ndeshi. Chavua ametoa wapi?”

“Ndilo ninalojiuliza.”

“Haya. Usichemshe.”

Mbegu tupu huelea. Hilo tulifundishwa mwaka wa kwanza. Lakini mbegu iliyozama inaweza kuwa na kiini, na inaweza pia kuwa imeoza tu na kunywa maji. Kisu kingenijibu kwa sekunde moja, na kingeua kile nilichokuwa nakiuliza. Kwa hiyo zile mbili ziko kwenye friji yangu, katika kopo la mchanga mbichi, pembeni ya maziwa. Mwalimu hupiga simu kila Jumapili baada ya ibada, na huanza na swali kabla ya salamu. Leo tumeingia wiki ya saba. Nimefungua kopo asubuhi hii, nikaangalia kwa tochi, nikaandika kwenye daftari nilichokiona: mchanga.